Kiti cha Wifi

Ukitaka kujua kwa nini walimwita Mama Shusha, usiende mbali, muulize yeyote aliyewahi kumuuzia kitu. Hakuwa na mtoto aitwaye Shusha. Kusema kweli hakuwa na mtoto kabisa. Ila neno hilo ndilo lililomtangulia kila dukani. "Shusha," angesema, mkono kiunoni, hata salamu haijapoa. "Shusha baba, bado uko juu ya paa." Na watu wakashusha. Wauza vitambaa wakashusha, fundi wa milango akashusha, hata daktari wa meno, mtu asiyejua mzaha, alishusha akiwa ameshika koleo mkononi. Mama Shusha alikuwa na duka la sare za shule, na mwenyewe alisema faida yake haitoki kwenye kuuza, inatoka kwenye kununua. Ukoo mzima ulimtumia. Ikitafutwa meza, kitanda au kiwanja, ataitwa yeye atangulie mbele, wengine wafuate nyuma wakificha vicheko.

Mpaka siku ya jeneza. Nalisema mapema nisije nikaonekana nalizunguka. Wifi yake alipofariki, wanaume wa ukoo walimchukua Mama Shusha hadi kwa seremala, kama kawaida yao. Seremala akataja bei, na wote wakamgeukia. Akafungua mdomo, kwa mazoea tu, jamani mazoea ni kitu kibaya, akasema, "Shusha." Seremala akashusha. Jeneza likafika nyumbani na vishikio vya mbao badala ya vile vya shaba. Tangu siku hiyo, miaka miwili na ushee, hakushusha tena bei ya kitu chochote. Akiambiwa elfu anatoa elfu, akiambiwa mbili anatoa mbili. Watu wakasema ni majonzi. Walisema kweli, ila hawakuijua hata nusu yake.

Nusu iliyobaki aliijua yeye tu, na ushahidi wake ulikaa kwa muuza magari mmoja. Miaka minne nyuma alikwenda kununua gari dogo jipya la kubebea majora yake ya vitambaa. Alikwenda na wifi yake, mdogo wa mume wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Muuzaji wa pale alikuwa mtu wa tai na maneno matamu, aliyepewa jina la Karibukiti kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila anayeingia. Naye alikuwa na msemo ambao Mama Shusha hakuwahi kukutana nao maishani: "Hapa bei haishuki, mama. Kinachoshuka ni gari."

Maana yake ni kwamba hakupunguzii hata senti, ila anakuondolea kitu. Unataka nafuu? Tunatoa redio. Nafuu zaidi? Tunatoa mazulia. Kila kinachotolewa kinaandikwa kwenye karatasi, mteja anaweka saini, karatasi inakwenda kwenye faili. Mama Shusha akaona ametukanwa. Bei isiyoshuka, mbele yake yeye? Alikuwa amemuahidi mumewe kwamba atarudi na gari kwa kiasi fulani, na akirudi na zaidi ya hapo jina lake atalificha wapi? Wakatoa redio, wakatoa mazulia, wakatoa rangi ya kung'aa wakachukua nyeupe ya kawaida. Bado haikutosha. Ndipo Karibukiti akainamia meza, akasema kimebaki kimoja tu: mfuko wa hewa wa kiti cha pembeni, ule unaofumuka gari likigonga. Wa dereva ni lazima. Wa abiria wa mbele ni wa hiari, wengi hawauchukui.

Kitinda alikuwa ndani ya gari la maonyesho, akichezea vioo. Akachungulia dirishani. "Wifi, na mimi upande wangu je?"

"Wewe funga mkanda wako, acha woga," Mama Shusha akamjibu. Wakacheka wote watatu, akaweka saini.

Miaka miwili baadaye, asubuhi ya mvua, lori la mchanga lililokuwa mbele yao lilisimama ghafla. Mfuko wa dereva ulimfumukia Mama Shusha usoni, ukamwachia uvimbe wa mdomo na maumivu ya shingo. Upande wa pili hakukuwa na kitu cha kufumuka. Kitinda alikuwa amefunga mkanda, maskini, alitii. Mkanda peke yake haukutosha.

Kule hospitalini, kwenye benchi la ukumbini, mume wake alimuuliza swali moja tu. Mume wake ni fundi bomba, mtu mwenye mikono mipana na maneno machache, na ndiye aliyemlea Kitinda tangu binti ana miaka tisa, wazazi wao walipoondoka mmoja baada ya mwingine. Kwa mikono ileile ya kukazia mabomba alijifunza kumsuka nywele kwenda shule. Akauliza, "Wake haukufunguka?"

Na Mama Shusha akasema, "Magari yale hayana, upande ule. Ndivyo yanavyokuja."

"Kumbe ndivyo yanavyokuja," Fundi akasema. Akatikisa kichwa mara kadhaa. "Basi. Ni ajali tu."

Uongo wenyewe ndio huo, wa sentensi mbili. Umeshawahi kumeza mfupa ukakwama mahali usipoweza kuutoa wala kuushusha? Kila Fundi alipowaambia watu wa pole kwamba magari yale ndivyo yanavyokuja, ule mfupa ulijigeuza.

Na Kitinda hakuondoka. Mtu atasema ni mawazo, na aseme. Mama Shusha akiwa kwenye cherehani, mchana mweupe, alisikia kando yake ule mlio mdogo wa mkanda ukiingia kwenye kifungo chake, kach, na harufu ya mafuta ya nywele aliyopenda yule binti. Kwenye magari ya kukodi alikaa nyuma siku zote. Siku moja dereva, baada ya kumsaidia kushusha majora, alimuuliza, "Na yule mwenzako wa mbele, ameshukia wapi?" Mama Shusha hakuwa na mwenzake. Alimlipa yule dereva, akaingia dukani, akaketi sakafuni katikati ya sare za watoto wa watu.

Sasa, bima. Bima iliwazungusha, mara fomu hii, mara muhuri ule, hatimaye ikalipa. Jioni hiyo Fundi alirudi na barua mkononi, uso umefunguka kidogo. "Kesho twende tukachukue gari. Kwa yule yule."

"Kwa nini yule yule? Wauza magari wamekwisha duniani?"

"Yule unamjua, naye anakujua."

"Tununue lililotumika. Nafuu."

Fundi akacheka. "Wewe? Si wewe uliyesema kununua gari lililotumika ni kununua ugonjwa wa mwenzio?" Kisha akaacha kucheka, akamshika kifundo cha mkono. "Sikiliza, mke wangu. Nataka nikuone ukishusha tena. Nimelikosa hilo neno humu ndani. Aliyekufa ni mdogo wangu, lakini naona kama nilizika wawili."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Mama Shusha akasema haya, kesho. Kichwani akapanga mpango wake. Hatabishania bei. Atakubali ya kwanza kabisa itakayotajwa. Pasipo kubishana hakuna kuondoa, pasipo kuondoa hakuna karatasi, na faili litabaki kabatini lilipo. Ulikuwa mpango mzuri, ila mwenye siri hana mpango, ana matumaini tu.

Asubuhi walifika mlango ukiwa ndio kwanza unafunguliwa. Ukumbi ulikuwa vilevile: kioo kutoka chini hadi juu, sakafu inayoakisi mpaka nyayo zako, magari matano yamepangwa kwa mshazari, na harufu ya mpira mpya inayokaa kooni. Kwenye kona, nyuma ya dirisha dogo, mwanamke mhasibu alikuwa akivunja chenji.

"Karibu kiti, karibuni... Haa! Mama Shusha!" Karibukiti alinyanyua mikono juu kama mtu aliyeonyeshwa bunduki. "Leo nimekwisha! Njooni mwone jamani, huyu ndiye mama aliyenilowesha shati." Wenzake wawili wakaja kumpa mkono. Fundi akasimama pembeni akitabasamu, tabasamu la kweli, la mtu anayesifiwa mke wake, na Mama Shusha aliliona akatamani ardhi ifunguke.

"Na yule wifi yako mcheshi, yule aliyekuwa akichezea vioo? Hajambo?"

Fundi akasema, "Alitangulia. Ni miaka miwili sasa."

"La hasha! Binti mdogo vile?" Karibukiti akaondoa tabasamu, akainamisha kichwa. Alisikitika kwa dhati, tusimsingizie. "Poleni. Poleni sana. Sikusikia." Hakuuliza amekufa na nini. Mama Shusha alimshukuru Mungu kwamba bado kuna watu wenye adabu ya kutouliza.

Wakaketi. Karibukiti akaandika tarakimu kwenye karatasi, akaisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja, akalegeza tai, akasugua viganja. "Bei ndiyo hiyo. Haya mama, nakusikiliza."

"Sawa," Mama Shusha akasema.

"Sawa nini?"

"Sawa, tunachukua. Kwa bei hiyo."

Ungemwona Karibukiti! Mtu amekuja uwanjani amefunga kamba za viatu, mpinzani anamwambia umeshinda, nenda nyumbani. Alimtazama yule mama, akaitazama karatasi yake kama labda ameandika vibaya, akamtazama tena. Fundi alimgusa mkewe kwa kiwiko. Mkewe hakutikisika. Basi Fundi, kwa huruma ya mapenzi, akaamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

"Eti... hii ndiyo bei ya mwisho?"

"Ndiyo, fundi."

"Aa. Sawa." Akakohoa. "Huwezi kupunguza hata kidogo?"

"Hapa bei haishuki, fundi wangu."

"Aa. Sawa, sawa."

Siku nyingine yoyote Mama Shusha angecheka mpaka ajishike mbavu. Huyu ndiye mwanaume aliyewahi kuuliza bei ya nyanya, akaambiwa, akaongeza mwenyewe. Lakini leo alikuwa akiitazama saa ya ukutani na kuomba mtu alete stakabadhi.

Karibukiti alikuna kidevu. Kumwachia mteja kama yule aondoke hivihivi kuliugusa moyo wake, na kuligusa jina lake pia. "Hapana," akasema. "Wewe si mteja wa kulipa hivi. Tufanye kama mara ile. Mara ile si tuliondoa..."

"Hakuna haja!"

Alilitoa kwa sauti ambayo ilimfanya yule mhasibu anyanyue kichwa dirishani. Fundi akamgeukia. "Mliondoa nini?"

"Mazulia," Mama Shusha akasema haraka. "Mazulia na redio."

"Na..." Karibukiti akaanza.

"Tunaweza kulikalia kwanza? Hilo la pale."

"Likalieni! Liwasheni kabisa, ufunguo uko ndani. Mimi nafuata faili lako, mama, sitegemei kichwa tena, nimezeeka. Faili la mteja wangu silitupi. Kila kitu kimo, na saini yako." Akaenda zake akipiga mluzi, kuelekea kwenye mlango wa ofisi za nyuma.

Mama Shusha alihesabu. Kuvuka ukumbi, kufungua kabati, kutafuta, kurudi. Dakika nne. Tano akikutana na mtu wa kupiga naye soga.

Akaingia upande wa dereva. Fundi alifungua mlango wa pembeni, akasimama akiwa ameushika. Kisha akaufunga taratibu, akafungua wa nyuma, akaketi huko. Tangu ajali hakuna aliyekalia kiti kile, si katika gari la kukodi, si katika gari la mtu.

"Gari zuri," Fundi akasema kutoka nyuma.

"Zuri."

Akabonyeza kitufe. Taa za dashibodi zikawaka zote, zikazimika moja moja, ikabaki moja, nyekundu, picha ya mtu mdogo aliyekatwa na mstari kifuani. Ting. Ting. Ting.

"Nini hiyo?"

"Mkanda." Akafunga wake. Ting. Ting.

"Labda na wangu." Fundi akafunga wake. Kengele haikunyamaza. Mama Shusha akatazama vizuri. Taa haikuwa ya upande wake, wala ya nyuma. Ilikuwa ya kiti cha pembeni.

Gari jipya, unajua, linapima. Ukikaa linajua umekaa, na usipofunga mkanda linakusumbua mpaka ufunge. Alitazama kiti kile. Hakikuwa na kitu. Mkoba wake ulikuwa mapajani mwake. Plastiki ya kiwandani bado ilikuwa imekifunika, na katikati plastiki ile ilikuwa imebonyea, imekunjana pande zote mbili. Akapitisha kiganja. Hapakuwa na kitu cha kushika. Kengele ikaongeza mwendo.

"Abiria gani hajafunga?" Fundi akauliza, nusu kwa mzaha.

Ndipo ile harufu ya mafuta ya nywele ikaja, ikaishinda harufu ya mpira. Na sauti, karibu kabisa na sikio lake. Wifi, na mimi upande wangu je? Haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira angeiweza, angeomba msamaha, angelia. Ilikuwa sauti ileile ya mtoto wa nyumbani, yenye kicheko pembeni, ya mtu anayeuliza huku akijua anapendwa.

Mama Shusha akanyoosha mkono. Akauvuta mkanda wa kiti kile, akaupitisha polepole, kwa nafasi, kama unavyompitishia mtu usimbane, akauingiza kwenye kifungo. Kach. Kengele ikanyamaza.

Wapo watakaosema ni hitilafu, gari jipya nalo lina utoto wake. Mimi sibishani na mtu.

Fundi alikuwa ameusogeza uso mbele, katikati ya viti viwili. "Umemfunga nani?" akauliza, na safari hii hapakuwa na mzaha.

Kwenye kioo cha ukumbi mlango wa ofisi za nyuma ulikuwa bado umefungwa. Angeweza kusema nilitaka kengele inyamaze tu. Lingekubalika. Fundi alikuwa mtu wa kukubali. Na hilo ndilo lililomshinda, kwamba angeambiwa tena, na angetikisa tena kichwa kile mara kadhaa, na kusema kumbe.

"Nilikudanganya," akasema, akitazama mbele. "Pale hospitalini. Yanakuja nao. Gari letu lilikuwa lije na mifuko miwili. Wa kwake niliuondoa mimi, ili nipate ile bei niliyokuahidi. Nikatia saini."

Plastiki ya kiti cha nyuma ikalia kidogo, kisha haikulia tena.

"Uliuondoa," Fundi akasema.

"Ndiyo."

"Ili bei ishuke."

"Ndiyo, mume wangu."

Mlango wa ofisi za nyuma ukafunguka, Karibukiti akatoka, faili limeinuliwa juu. Alikuja kwa mwendo wa furaha hadi kwenye dirisha la gari, akalifungua juu ya ukingo wa kioo. "Hii hapa! Si nilisema situpi? Redio, mazulia, rangi, mfuko wa pembeni. Ee mama, tulivyotoana jasho siku ile! Nikasema leo tufanye vilevile, mfuko ule peke yake una laki tano na..."

Fundi akanyoosha mkono kutoka nyuma. Karibukiti akampa karatasi. Fundi aliisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, bila haraka, kama anavyosoma mita ya maji kwenye nyumba ya mtu. Kidole kikasimama chini.

"Saini yako hii."

"Yangu."

Karibukiti akamtazama huyu, akamtazama yule. Tabasamu lilikuwa bado usoni mwake ila halikujua tena ni la nani.

"Yeye alijua?" Fundi akauliza.

Hapa sasa. Kukiri kwa kwanza kulimtoka kama matapishi, hakuwa na la kufanya. Lakini hili angeweza kulizuia. Aseme hakujua. Aliyejua amekufa, na Karibukiti asingethubutu. Angemwachia mume wake kitu kimoja cha kulalia: mdogo wake aliyepanda gari kila siku bila wasiwasi. Huo nao ungekuwa uongo wa huruma. Lakini ule wa kwanza nao ulikuwa wa huruma, na tazama ulipomfikisha.

"Alijua. Aliniuliza upande wake je. Nikamwambia afunge mkanda, aache woga. Tukacheka."

"Na akapanda."

"Kila siku."

"Miaka miwili." Fundi alikuwa akiongea polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. "Hakuniambia. Huyu alikuwa akinieleza kila kitu. Mpaka mambo ambayo kaka hatakiwi kuyasikia, ananieleza. Hili hakuniambia."

"Hakutaka nionekane vibaya kwako."

Hilo alilijua siku zote, ila hakuwahi kulisema kwa mdomo, na liliposikika hewani lilimuuma kuliko yote. Fundi akaikunja karatasi pale pale ilipokuwa imekunjwa zamani, akamrudishia mwenyewe. "Asante, ndugu," akasema, kwa heshima kabisa. Akafungua mlango, akashuka, akaanza kutembea kuelekea nje. Mama Shusha akazima gari, akamfuata.

Sasa muelewe Karibukiti, maana mimi simlaumu. Mtu huyu ameuza magari miaka kumi na tisa. Na katika biashara yote ya dunia, ya nyanya na ya nyumba, kuna dawa moja ya mwisho ambayo kila mnunuzi mzuri anayo: anainuka, anaondoka, na muuzaji ndiye anayemkimbilia. Tangu asubuhi alikuwa akijiuliza Mama Shusha ameficha nini. Hawezi kuwa amekubali bei hivihivi. Akawaona wanakwenda, mbele mwanaume, nyuma mwanamke, nyuso zimekufa kabisa, hawageuki, na kila kitu kikamwelea. Ule ukimya! Zile sauti za chini! Loo, na fundi naye yumo! Wamelifanyia mazoezi nyumbani! Karibukiti alivutiwa mpaka akakaribia kupiga makofi. Ila mwisho wa mwezi ulikuwa umewadia, na mwezi ule hakuwa ameuza hata gari moja.

"Mama Shusha!" akaita, akikimbia kwenye sakafu ile ya utelezi. "Basi! Umenishinda! Nashusha laki tatu!"

Mhasibu alisimama dirishani kwake. Hakuna mfanyakazi wa pale aliyewahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Wao walikuwa wameshatoka mlangoni, wanakata uwanja wa mbele. Jua lilikuwa kali, magari yaliyopangwa nje yalimeta mpaka yanaumiza macho. Fundi alitembea bila kuangalia kushoto wala kulia. Mama Shusha alikuwa hatua tatu nyuma yake, na miguu yake haikumwonea huruma, ilimpeleka tu. Alimsikia Karibukiti lakini kwa mbali, kama mtu anayeita mwingine.

"Laki tano! Bei yenyewe, mama, si gari! Gari zima zima, siondoi kitu!"

Wakafika kwenye geti la chuma.

"Jamani fundi, nisikilize! Laki tano, na mfuko wa pembeni juu yangu! Nawapa bure! Bure kabisa!"

Fundi akasimama.

Hakulia hospitalini. Hakulia mazishini, kulikuwa na watu wa kupokea, hema la kufunga, shimo la kusimamia. Sasa alishika nondo za geti kwa mikono yote miwili. "Bure," akasema, kwa sauti ya mtu anayerudia neno la lugha ngeni. "Umesikia? Anasema bure." Mabega yakaanza kumtikisika, na kilichomtoka hakikuwa kilio cha mtu mzima, kilikuwa cha yule kijana aliyeachiwa mtoto wa miaka tisa asijue aanzie wapi.

Mama Shusha alisimama hatua moja kutoka kwake. Mkono wake ulikuwa umenyooka, umebakiza kiasi cha shubiri kufika mgongoni mwake, na ukabaki hapo hapo, kwa sababu hakujua kama bado ana haki ya kumgusa.

Huko nyuma Karibukiti aliwaona wamesimama. Akashusha pumzi. Akaacha kukimbia, akafuta jasho la paji la uso, akaanza kuwajia polepole akiiweka tai yake sawa, kalamu tayari mkononi.